Gundi ya kapeti iliyoganda kwenye sitaha ya boti: anza na maji, petroli iache kwenye tenki

Masika ikiingia wageni wanapungua, boti za Nungwi, Kizimkazi, Msasani mpaka kule Watamu na Shimoni zinapandishwa mchangani kwa matengenezo, na sisi tunaofundisha ufundi wa boti ndo tunaanza kuulizwa swali lile lile kila mwaka. Nimebandua kapeti la sitaha, manyoya yametoka vizuri tu ila mgongo wake umebaki umeng'ang'ania, sehemu nyingine mgumu kama chaki sehemu nyingine unanata, nifanyeje? Na anayeuliza mara nyingi ameshanunua petroli, anachotaka ni kuambiwa tu aendelee.

Asiendelee. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tujue tunapambana na nini maana watu wengi wanarukia dawa kabla hawajaujua ugonjwa.

Kapeti la boti kawaida manyoya yake ni polipropilini, na chini yake kuna mgongo wa mpira au wa plastiki laini ya PVC, halafu ndo gundi iliyoshika mgongo na sitaha. Kwa hiyo kilichobaki pale ni vitu viwili vimelaliana, na kila kimoja kina tabia yake. Mgongo wa mpira ukipigwa jua na chumvi kwa miaka unakufa, unakuwa unga unga, huo unatoka kwa maji na brashi ngumu bila kelele. Gundi ndo mwenye kesi. Kuna gundi ya maji, nyeupe ikiwa mbichi, hii inalainika kwa maji ya moto. Kuna gundi ya mpira inayochanganywa na thina, ile ya njano wanayotumia hata mafundi viatu, hii maji haiyajui ila thina inaijua. Na kuna ya poliyurethani, ambayo ikishakauka huwezi kuiyeyusha kwa kitu chochote cha dukani bila kuharibu na sitaha yenyewe, hiyo ni ya kukwangua tu mpaka iishe.

Utajuaje ni ipi? Chukua vitambaa vitatu vya pamba, kimoja loweka maji ya moto yenye sabuni ya unga, cha pili tapentaini, cha tatu asetoni kidogo au thina. Viweke sehemu tatu tofauti zilizojificha, mfano chini ya benchi la nyuma karibu na shetri, kila kimoja ukifunike na kipande cha nailoni ili kisikauke. Cha asetoni usikiache zaidi ya dakika 5, hivo vingine viache dakika 20. Ukifunua kwaruza na kucha. Palipolainika ndo jibu lako, na kama vyote vitatu vimelainisha chagua kile kipole zaidi, yaani maji, hata kama utachukua siku mbili badala ya moja. Halafu kile kitambaa cha asetoni kiangalie vizuri, kama kimechukua rangi ya sitaha maana yake mtu alishawahi kuipiga hiyo boti rangi ya kawaida ya kopo moja, na asetoni inaila, kwa hiyo asetoni futa kwenye orodha yako labda kama unapanga kupiga rangi upya yote.

Sitaha nayo ina yake. Faiba juu yake kuna lile koti la nje linalong'aa, jelikoti, unene wake ni kama nusu milimita tu. Nusu milimita! Mtu anachukua grainda na diski ya msasa mkali anasema nafuta gundi, sekunde chache ameshafika kwenye nyuzi za faiba, sasa hapo maji yana njia ya kuingia na kazi ya kukwangua imegeuka kazi ya kujenga upya. Isitoshe gundi ikipata joto la grainda inayeyuka na kujaza diski, unabaki unaipaka gundi sehemu ambazo hazikuwa nayo. Grainda iweke mbali kabisa, msasa unakuja hatua ya mwisho tu, na hata hapo ni namba 80 kwa mashine ya mtetemo au kwa mkono.

Kama sitaha ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, kabla ya kumwaga maji piga piga na mpini wa bisibisi eneo lote. Pakilia mlio mkavu, salama. Pakilia bubu, chini pameoza, na usishangae maana kapeti linakaa na unyevu kama sponji na matundu ya skrubu za viti yanapeleka maji moja kwa moja kwenye mbao. Hapo kusumbuka na gundi ni kupoteza muda, kata hicho kipande ubadilishe. Alumini usiiguse na dawa zenye soda kali, zile za kuzibulia masinki, zinaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, wala usitumie brashi ya waya wa chuma. Na kwa wenye mashua na majahazi ya mbao mliobandika kapeti kwa ajili ya watalii, thina ikiingia kwenye maungio inayayeyusha mafuta yaliyomo kwenye kalafati, zile pamba zinazoziba maungio ya mbao, utaondoa gundi vizuri halafu boti ikirudi majini inavuja. Kwa mbao ni skrepa kufuata uelekeo wa nyuzi, na subira.

Sasa petroli. Najua inafanya kazi, hakuna anayebisha, gundi ya mpira inalainika kwa petroli mbele ya macho yako. Tatizo mvuke wake. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa piga hesabu mchana wa pwani, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa kwa hiyo haupeperuki kwenda juu kama watu wanavyodhani, unateremka kwenye kila tundu la sitaha na kutulia kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika. Ndani ya ngama kuna nini? Kuna pampu, na pampu nyingi zina swichi ya kuelea inayojiwasha yenyewe maji yakifika kimo fulani, na wewe upo juu unamwaga maji kusuuza sitaha. Cheche moja inatosha. Asetoni na thina nazo zina tabia hiyo hiyo, asetoni inashika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, tofauti ni kwamba unaitumia kwa kitambaa kilicholowa sehemu ndogo, sio kwa ndoo. Kwa vyovyote vile toa waya za betri kabla ya kuanza, fungua vifuniko vyote vya sitaha hewa ipite, na wavuta sigara wakae upande wa pili wa ufukwe.

Kuna wanaotumia mafuta ya taa, hayo ni afadhali kidogo, yanalainisha gundi ya mpira taratibu, ila yanaacha utando wa mafuta ambao usipooshwa vizuri na sabuni rangi haitashika. Kuna pia zile dawa kali za kuondolea rangi zenye dikloromethani. Hizo kwa kweli achana nazo, zinaila jelikoti yenyewe, na mvuke wake umeua watu waliofanya kazi sehemu zisizo na hewa mpaka Marekani mwaka 2019 wakapiga marufuku kuziuzia watu wa kawaida kwa kazi ya kuondoa rangi. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wowote, inayozuia ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa. Glavu nyembamba za hospitali nazo thina inapita, tafuta za mpira mnene.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Kwanza skrepa kavu, asubuhi na mapema sitaha ikiwa bado ya baridi, kwa sababu gundi ya baridi inavunjika vipande na gundi ya mchana inavutika kama ubani wa kutafuna. Tumia skrepa ya plastiki ngumu, au ya chuma uliyozungusha pembe zake kwa tupa ili zisichimbe, ilaze karibu kugusa sitaha halafu isukume, usiisimamishe. Hapo utaondoa sehemu kubwa bila kutumia hata tone la dawa, na watu hawaamini mpaka wajaribu. Kilichobaki ndo unakilainisha, eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, paka ile dawa iliyoshinda kwenye jaribio, funika na nailoni, subiri, kwangua, futa, hamia pengine. Ile nailoni ndo siri ya kazi nzima, bila hiyo dawa inaruka hewani kabla haijaingia kwenye gundi na unaishia kununua lita na lita.

Mashine ya hewa moto inasaidia kwa gundi ngumu ila iwe inatembea muda wote, kipimo ni kiganja, ukiweka mkono pale ulipotoka kupasha na ukashindwa kuutuliza umezidisha, jelikoti inaanza kutoa malengelenge. Na moto na dawa ya kuyeyusha havikai siku moja kwenye boti moja. Angalia pia chini ya viti, boti nyingine za faiba zina povu jeupe la kuelea, lile lile la maboksi ya samaki, thina ikilifikia linayeyuka na kuisha na wewe hutajua mpaka siku boti inajaa maji. Vioo vya plastiki vya mbele navyo vifunike, asetoni inavipasua nyufa nyembamba.

Uchafu wake sasa, na hapa nasema na wote mnaofanyia kazi ufukweni. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Zanzibar maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, ukianza kazi maji yakiwa yametoka una kama masaa 6 yarudi, na kila kipande ulichoacha mchangani kinaondoka nayo. Polipropilini inaelea. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, ule wa kuzuia vyombo kuchafua bahari, kiambatisho cha 5, unakataza vyombo vya baharini kutupa plastiki ya aina yoyote baharini, na hizo chembe ni plastiki tu hata kama ni ndogo. Tandika turubai chini ya boti kabla hujagusa skrepa, fagia kila ukimaliza eneo moja, usisubiri mwisho. Vitambaa vyenye thina vitandaze vikauke sehemu ya wazi mbali na moto, halafu viingie kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko.

Ukishaosha na sabuni na kusuuza, mwaga maji safi juu ya sitaha uangalie. Yakitandaa utando mmoja, pamekuwa safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna gundi au mafuta, rudia hapo hapo tu. Acha ikauke kabisa, piga msasa namba 80, futa na kitambaa chenye asetoni (kama sio ile sitaha iliyopigwa rangi ya kopo moja), kisha rangi ya makopo mawili ya kuchanganya (ile sitaha ya kopo moja irudie rangi ya kopo moja), na wakati koti la kwanza bado bichi nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa ili watu wasiteleze. Na kama mwenye boti anang'ang'ania kapeti kwa sababu ya miguu ya wageni, mwekee la kufunga na vifungo vya kubana, lile linalotolewa jioni, likasuuzwa kwa maji baridi na kuanikwa, gundi isiguse sitaha tena.