Je, wajua kwa nini maziwa hukawia tumboni mwa mtoto njiti?

Binamu yangu alijifungulia hapa Mwanza akiwa na mimba ya wiki 30. Siku ya tatu muuguzi alivuta kwa bomba la sindano maziwa aliyoyapitisha kwenye mrija wa puani saa tatu nyuma. Yalirudi karibu yote. Kwa ujuaji wangu nikamwambia shangazi kuwa tumbo ni dogo, limejaa. Yeye alishuku maziwa ya mwanawe ni mazito. Tulikosea sote, mimi zaidi kwa kuwa nilisema kwa kujiamini.

Tumbo la njiti ni dogo kweli, ila mililita 2 hazilijazi. Maziwa ya mama nayo hayana kosa. Hushuka upesi kuliko ya kopo. Hata misuli ya utumbo ipo, na inakaza. Haijajua kukaza kwa zamu, basi.

Fikiria mtumbwi wa makasia hapo mwaloni. Wapigaji wana nguvu, lakini kila mmoja akipiga kivyake, maji yanaruka na mtumbwi unazunguka palepale. Akitokea wa kuanzisha wimbo, wengine wakaitikia, unakwenda. Utumbo ni hivyohivyo: nyuma ya maziwa misuli ikaze, mbele ilegee, zamu isogee hadi chini. Waanzisha wimbo ni seli zilizopewa jina la Cajal, mwanasayansi Mhispania. Kwa njiti, seli hizo na neva zinazoshirikiana nazo hazijakomaa. Mawimbi yenye mpangilio huanza kuonekana wiki ya 32 hadi 34 hivi, kwa hesabu ya mimba, na kunyonya, kumeza na kupumua huoana karibu na wiki ya 34. Ndiyo sababu ya mrija. Ni makadirio: wapo wanaowahi, wapo wanaochelewa.

La ajabu ni kwamba utumbo huu haukomazwi kwa kupumzishwa. Matone machache ya maziwa, yasiyoweza hata kumshibisha, ndiyo huufundisha kazi. Na ule upimaji wa masalia kila mlo? Ushahidi kwamba humsaidia mtoto ni hafifu.

Lakini matapishi ya kijani, tumbo kuvimba na kuwa gumu, au damu kwenye choo si uvivu wa utumbo. Hapo daktari aitwe mara moja.

Watoto wengi waliotimiza miezi hupata choo cha kwanza ndani ya saa 48. Wa kwetu alikipata siku ya sita, cheusi, cha kunata. Shangazi akapiga kigelegele wodini, akanyamazishwa.