Mtandao wa watafiti mlimani ni wa waokoaji pia

Moto wa Oktoba 2020 kwenye Mlima Kilimanjaro ulionekana usiku hadi Moshi mjini. Lakini askari wa zimamoto aliye bondeni, mahali simu haishiki, anahitaji zaidi ya hapo: anataka kujua upepo umegeukia wapi sasa hivi. Hilo ataambiwa na kipima upepo na kamera zilizofungwa juu yake, iwapo zina mtandao.

Vifaa hivyohivyo watafiti wanavihitaji kila siku. Kusini mwa California, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilianzisha mwaka 2000 mtandao usiotumia waya uitwao HPWREN. Ulisafirisha vipimo vya matetemeko ya ardhi na picha za darubini za kituo cha kutazama nyota cha Palomar. Misitu ilipowaka 2003, wazimamoto waliunganishwa humohumo.

Kwetu msingi upo. Chuo Kikuu Ardhi na chuo cha Marekani cha Virginia Tech wanafuatilia kwa GPS jinsi ardhi inavyosogea Ol Doinyo Lengai, volkano iliyolipuka 2007. Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti Horombo, kambi ya wapanda Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari.

Nje ya hapo kuna kazi. Antena ya sahani hufungwa kwenye kigongo na kuelekezwa kwa mwenzake, pengine makumi ya kilomita mbali. Wengi hudhani wingu linaloficha kilele cha Kibo litakata mawasiliano. Sivyo. Kwenye masafa ya redio ya gigahezi 5 wimbi lina urefu wa sentimita 6 hivi, na matone ya mvua ni madogo mno kulizuia. Kinacholizuia ni kigongo kilichokaa katikati, na msitu, kwa kuwa majani mabichi yamejaa maji. Rongai, iliyo kaskazini mwa mlima, haionekani kutoka Moshi. Lazima pawe na kituo cha kupokezana njiani.

Umeme ndio unaotusumbua zaidi. Betri za sola zinapaswa kuvuka siku kadhaa za mawingu ya masika, na baridi ya juu hupunguza uwezo wake. Fundi akipiga hesabu kwa joto la Moshi, kituo kitazima alfajiri. Nguzo nayo iwe na waya wa kushusha radi ardhini.

Halafu kuna jambo lisilohitaji fedha nyingi, nalo huachwa mno: kupanga mitambo mapema ili dharura ikitokea sauti za waokoaji zipite kwanza, picha nzito za utafiti zisubiri. Hifadhi, zimamoto na vyuo wakubaliane hilo sasa, wakalifanyie mazoezi kabla ya kiangazi.