Xieyi si kuchora bila kujali umbo

Siku hizi picha yoyote ya wino yenye doa hapa na mstari pale inaitwa xieyi. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, hata na watu wanaofundisha uchoraji, na kwa kweli linawaonea wachoraji waliolitolea jasho.

Maana yake ni fupi. Xieyi ni mtindo wa uchoraji wa Kichina unaotoa roho ya kitu kwa miguso michache ya brashi. Mwenzake ni gongbi: mistari myembamba kwanza, kisha rangi, tabaka juu ya tabaka. Watu wakishasikia kwamba gongbi ndiyo ya umakini, wanahitimisha kuwa xieyi ni kuchora utakavyo. Hapo ndipo panaponiudhi.

Mtazame mchoraji wa Kichina Qi Baishi. Alizaliwa 1864 huko Xiangtan, mkoa wa Hunan, katika familia ya wakulima maskini, na ujanani alikuwa seremala wa kuchonga nakshi. Mashairi, mwandiko na uchongaji wa mihuri aliendelea kujifunza akiwa mtu mzima. Alipohamia Beijing alikuwa ameshapita miaka 50, na huko, kwa kuhimizwa na rafiki yake Chen Shizeng, akaubadili mtindo wake.

Kamba wa majini aliowachora ndio waliompa jina. Alikuwa akiwafuga nyumbani ili awatazame wanavyoogelea. Wale aliowachora mwanzoni walifanana na kamba halisi, lakini hawakuwa na uhai. Kadiri miaka ilivyopita akawapunguzia miguu, akabakiza ile tu inayoonyesha mwendo. Kiwiliwili ni pingili za wino mwepesi, unaoangaza kama gamba lenyewe. Kichwani anatia wino mzito kabla ule wa chini haujakauka. Sharubu ni mistari mirefu inayovutwa kwa mkono uliozoea kuandika, maana brashi ya kuandikia na ya kuchorea ni ileile. Karatasi ya xuan, ile ya Kichina ya kuchorea kwa wino, hunywa wino papo hapo, kwa hiyo mguso ukishatua haufutiki. Maji hakuyachora, lakini unayaona.

Mkono huo huenda haraka, ni kweli. Lakini haraka hiyo imetanguliwa na miaka ya kutazama pingili inapokunjika.

Tena huyuhuyu alichanganya mitindo yote miwili katika karatasi moja: majani mapana ya wino yaliyopigwa kwa xieyi, na juu yake kereng'ende wa gongbi, mishipa ya mabawa ikihesabika. Asiyejua umbo hawezi kufanya hivyo. Mwenyewe alisema uzuri wa picha uko kati ya kufanana na kutofanana: ikifanana mno inajipendekeza kwa watu, isipofanana kabisa inawadanganya. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na aliitamka bwana mkubwa wa xieyi aliyeendelea kuchora hadi alipofariki 1957, akiwa na zaidi ya miaka 90.

Kwa hiyo wino uliotandazwa bila kitu kilichotazamwa kwanza, tuuite mchoro wa wino. Ni jina zuri, na halimvunjii mchoraji heshima. Xieyi tuiachie kazi ambayo ndani yake kamba bado ni kamba.