Si kila uvimbe wa korodani unadai korodani nzima

Nimeambiwa tena: "Dokta, uvimbe ndani ya korodani ni saratani tu, frozeni ya nini? Tunaitoa, atabaki na nyingine." Safari hii msemaji ni bingwa wa upasuaji, wala si mwanafunzi, ndiyo maana naandika. Frozeni ni kipande cha uvimbe kinachogandishwa na kusomwa kwa hadubini mgonjwa akiwa bado mezani; mimi mpatholojia ndiye ninayekisoma.

Imani hii ina chanzo. Uvimbe mgumu unaoshikika kwa vidole kwa kijana wa miaka 20 au 30 mara nyingi kweli ni saratani ya seli za uzazi. AFP na beta-hCG, alama za saratani hii kwenye damu, zikiwa juu, toeni, wala msinipigie simu. Ila siku hizi mtu anakwenda altrasaundi kwa sababu ya ugumba, kinaonekana kinundu cha milimita 8 ambacho hakuna kidole kingekigundua, na damu iko sawa. Vinundu vidogo vya namna hiyo vingi si saratani. Mtu anatafuta mtoto, ninyi mnampunguzia korodani? Na aliyezaliwa na moja, atabaki na nyingine ipi?

Njia mnaijua: mnapita kinenani, si kwenye mfuko, mnabana kamba ya manii, mnatoa kinundu na ukingo wake, mnaniletea. Nusu saa hivi, umeme ukitusitiri.

Sasa kinachonikera: sisti ya epidemoidi, kifuko kisicho saratani. Altrasaundi inaionyesha tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Mpasuaji anaipasua mezani, anaona keratini nyeupe (protini ya ngozi na nywele), anafurahi, kisha ananiletea ukuta wa sisti peke yake. Ukuta peke yake haunitoshi! Teratoma (uvimbe wa seli za uzazi wenye tishu mchanganyiko) ya mtu mzima inaweza kuwa na eneo la keratini hiyohiyo, na teratoma ya mtu mzima kwa kawaida si ya kuchezea hata ikionekana pole. Kwenye ukuta natafuta vinyweleo, tezi na gegedu. Jibu lililobaki liko nje ya ukuta, kwenye mirija ya mbegu za kiume inayouzunguka: je, kuna GCNIS, yaani seli za awali za saratani zilizo bado ndani ya mirija? Kuna mirija iliyosinyaa, kuna kovu? Usiponipa ukingo, unataka niapie usafi wa nyumba ambayo hukunifungulia mlango.

Na hata ukinipa, GCNIS kwenye frozeni inasumbua. Barafu inaharibu sura ya viini vya seli, na OCT3/4, kipimo cha rangi kinachozionyesha seli hizo, haipakwi huku mgonjwa yuko mezani. Nikisema "sijaiona", maana yake sijaiona. Msiandike kwenye faili kwamba haipo.

Uvimbe wa seli za Leydig, zile zinazotengeneza homoni ya kiume, ni rahisi kuutambua, kahawia kwenda dhahabu. Kujua utakuja kufanya nini ni suala jingine. Wachache husambaa, hasa kwa wazee. Naangalia kama umezidi sentimita 5, kama una tishu zilizokufa, seli zinazogawanyika kwa wingi au zilizoingia kwenye mishipa ya damu, na kipande kidogo cha frozeni kinaweza kuyaficha yote hayo. Ndiyo maana jibu langu huwa "Leydig, subiri parafini", yaani uchunguzi kamili wa sampuli iliyowekwa kwenye nta, na mpasuaji husonya. Asonye tu.

Kwetu kuna TB na kichocho pia, vyote vinaweza kujifanya uvimbe wa saratani. Nikiona granuloma, yaani mafundo ya seli za kinga, sishangilii mapema, kwa kuwa seminoma, aina ya saratani ya korodani, nayo huzivuta. Naomba kipande kingine. Mkikasirika, kasirikeni.

Wenye tatizo la adrenali (tezi za juu ya figo) la kuzaliwa nalo, wanaoota vinundu korodani zote mbili, wengi wao hawakupaswa kufika mezani kabisa. Hao huanzia kwa daktari wa homoni, kwenye steroidi.

Halafu sampuli ije mbichi. Kuna anayenipigia simu kuulizia jibu la frozeni ilhali kipande amekizamisha kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia isiyofaa kwa frozeni, tangu chumba cha upasuaji.