Eksirei bila filamu si wizi
Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: ukipigwa eksirei ukatoka bila filamu mkononi, umeibiwa, kwani picha ya kompyuta ni hafifu na hufutika. Si kweli.

Picha ya kidijitali huhifadhiwa kwenye seva ya hospitali kwa muundo uitwao DICOM, pamoja na jina lako na tarehe ya kipimo. Daktari huikuza, hurekebisha mwanga mpaka ufa mwembamba wa mfupa uonekane, na huilinganisha na ya mwaka jana. Filamu ikitoka nyeusi mno, mgonjwa hupigwa tena. Zaidi, picha ya kidijitali mtaalamu aliye mji mwingine anaweza kuisoma bila mgonjwa kupanda basi, na hilo kwa watu wa wilayani ni jambo kubwa.

Kuhakikisha ni rahisi: omba kuonyeshwa picha kwenye skrini, soma jina na tarehe, kisha omba ripoti ya maandishi na nakala kwenye CD.

Mkanganyiko unaeleweka. Kwa miaka mingi ile bahasha kubwa ya kaki ndiyo ilikuwa ushahidi wa kipimo. Tena skrini ikipigwa picha kwa simu, maelezo mengi hupotea kweli, na watu hudhani ndiyo picha yenyewe.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna wagonjwa wanaokwenda kurudia mionzi na gharama kwa ajili yake.