Ukiona Kisukuku, Kiache Palepale Kilipo

Mvua zinapokatika kaskazini mwa Kenya, maji huwa yamekokota udongo wa juu na kuacha wazi visukuku, yaani mifupa na meno ya kale yaliyogeuka mawe. Ndipo picha zinapomiminika kwenye simu zetu sisi watafiti wa visukuku: taya limeshikwa mkononi, jino liko mezani, fupa limesuguliwa likang'aa. Nia ni njema, lakini kilichoonekana kwenye picha hizo kimeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi.

Wengi hudhani kisukuku hupelekwa maabara, mashine ikasoma umri wake. Sivyo. Kaboni 14, kaboni yenye mionzi inayotumiwa kupima umri wa mabaki ya viumbe, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi haibaki ya kupimika, ilhali visukuku vingi vya Turkana vina umri wa mamilioni ya miaka. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyotanda juu na chini ya tabaka lenye mfupa. Potasiamu iliyomo kwenye fuwele za majivu hayo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, na kiasi cha agoni kilichonaswa humo hueleza volkano ililipuka lini. Mfupa ukishang'olewa bila kumbukumbu, hatuwezi tena kujua ulilala kati ya majivu yapi.

Ushahidi wa mageuko ya viumbe umejengwa juu ya mpangilio huo wa matabaka, si juu ya fuvu moja maarufu. Nguruwe mwitu wa kale ni mfano mzuri. Katika matabaka ya bonde la Ziwa Turkana, gego la mwisho la jamii kadhaa za nguruwe linazidi kurefuka na kuinuka kadiri unavyotoka tabaka la chini kwenda la juu, kwa kuwa wanyama hao walizidi kutegemea nyasi. Mfuatano huo ni thabiti kiasi kwamba ulisaidia kusahihisha vipimo vya maabara. Jivu la Koobi Fora, mashariki mwa ziwa hilo, liitwalo KBS lilikuwa limekadiriwa kuwa na miaka milioni 2.6, lakini nguruwe wa chini yake walifanana na wale wa Omo, Ethiopia, waliokuwa na miaka milioni 2 hivi. Vipimo vikarudiwa, na leo jivu hilo linajulikana kuwa na miaka milioni 1.87. Meno yasiyojulikana yalikotoka yasingetoa ushahidi huo.

Lipo pia swali lisilokoma: kama binadamu alitokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo? Sayansi haisemi hivyo, na inachosha kulisikia kila mwaka. Binadamu na sokwe wana mhenga mmoja, aliyeishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Sokwe ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, 48, sisi 46. Katikati ya kromosomu yetu ya pili mna alama ambazo kwa kawaida hukaa kwenye ncha tu, kwa sababu kromosomu mbili za kale ziliungana hapo. Ushahidi huo hauhitaji mfupa hata mmoja.

Basi ukiona kisukuku, usikichomoe, usikioshe wala usikitie gundi. Piga picha moja ya karibu ukiweka kalamu kando yake, na nyingine kutoka hatua kumi, ikionyesha kilima au mti wa kutambulisha mahali. Washa GPS, ingoja itulie, kisha uandike namba zote. Ukibakiza tarakimu tatu tu baada ya nukta, unaweza kututupa umbali wa makumi ya mita, kwa hiyo andika tano. Usidharau kipande kidogo. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku Mkenya, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Udongo wa hapo ulichekechwa na kuchimbwa kwa utaratibu, ukatoa karibu kiunzi kizima cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyokigundua. Asiye na leseni ya utafiti huripoti kwa Makavazi ya Kitaifa na pia kwa mkuu wa utawala wa eneo, ambaye sheria inamtaja kama mkuu wa wilaya. Masalia ya kale yaliyomo ardhini ni mali ya serikali, na hati ya shamba haibadilishi hilo. Kuyatafuta bila leseni ni kosa, na kuyatoa nchini bila kibali ni kosa pia. Adhabu ni faini au kifungo. Kumkabidhi rafiki "akiulizie bei" hakukuondolei wajibu.

Ikiwa umeshakiokota, usijaribu kukirudisha kwa kukisia. Kifunge kwa karatasi laini, kila kipande peke yake, uandike tarehe na mahali, kisha utoe taarifa. Uwe tayari kutuonyesha ulipokitoa, tuangalie mteremko ulio juu yake: mara nyingi kipande kilichookotwa bondeni kimeporomoka kutoka huko, na vilivyobaki bado vimo ndani ya tabaka.