Laptopu Yenye Windows na Linux Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, wengi wanaofika kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mwanza wameweka Linux, mfumo endeshi wa bure, bila kuiondoa Windows. Uamuzi mzuri. Shida huanza siku kioo kinapobaki cheusi na maneno "grub rescue", na mwenyewe akaamini hadidiski imekufa.

Haijafa. GRUB, programu inayokuuliza uwashe mfumo upi, imeamka lakini haioni faili zake. Mara nyingi mtu ameingia Windows akafuta patisheni (sehemu ya hadidiski) "isiyo na jina" ili apate nafasi. Hiyo ndiyo Linux yenyewe! Kupiga Windows upya hakurudishi GRUB, na fundi akifomati hadidiski nzima, kazi zako zimekwenda. Tumempokea mwanafunzi aliyevuka na kivuko kutoka Nansio akiwa tayari amefutiwa utafiti wa mwaka mzima. Inauma.

Kama patisheni ya Linux ipo, washa kwa flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa UEFI (programu ya ndani inayoiamsha laptopu) kama ndivyo mfumo ulivyosakinishwa, kisha tumia programu ya Boot-Repair au amri ya grub-install ikifuatiwa na update-grub. Na ikiwa laptopu inaingia Windows moja kwa moja, mara nyingi hakuna kilichoharibika: sasisho limeiweka Windows mbele. Unapowasha, bonyeza F12, au F9 kwa HP, uchague ubuntu, halafu urekebishe mpangilio kwenye UEFI. Kabla ya kugusa Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaozuia mifumo isiyoaminika kuwaka, nakili ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data za hadidiski, kutoka akaunti yako ya Microsoft.

Ukija kwetu, lete kitambulisho, chaja na hadidiski ya nje. Utajaza fomu, utasaini nakala mbili, moja utabaki nayo. Wapo wanaolalamika kwamba fomu ni usumbufu, lakini saini hiyo ndiyo idhini yako. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini. Faini haipungui shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo laptopu ya kaka yako hatuifungui mpaka kaka mwenyewe asaini. Nenosiri usiliandike kwenye fomu; utaliingiza kwa mkono wako.